Mama Nyangi, anayesimamisha jukwaa bila filimbi

Saa mbili asubuhi, kijijini Robanda, kando ya mbuga. Umande haujakauka kwenye uwanja wa shule, na malori manne ya Shirika la Burudani Mwanga wa Ziwa yameegeshwa kando, vumbi la safari likiwa bado juu ya vioo. Wegesa Marwa anaingia uwanjani peke yake, nyundo mkono mmoja, kigingi mkono wa pili. Anakichomeka kigingi ardhini, anarudi nyuma hatua saba, anakitazama, kisha anaondoka zake kwenda kufungua masanduku ya mavazi.

Hajasema neno.

Lakini kile kigingi kimekwisha kusema. Wapakiaji wanaanza kubingirisha mapipa matupu na kuyapanga kuanzia pale pale. Mafundi seremala wanafuata na mbao. Wanabendi wanashusha vyombo vyao upande wa magharibi ili jua la alasiri lisiwapige machoni, na wapishi wanawasha moto mahali ambapo moshi hautawafikia watazamaji. Watu mia moja na kumi na wawili wanafanya kazi katika uwanja mmoja, na sauti kubwa kuliko zote ni ya nyundo.

Sisi waandishi tuliozoea mikutano ya hadhara, ambako kiti kimoja cha mgeni rasmi huhamishwa na watu watano wakigombana, tunabaki tumeduwaa. Kuishi kwingi ni kuona mengi, ila hili la jukwaa kusimama lenyewe hatukuwa tumeliona.

Kazini wanamwita Mama Nyangi, kwa jina la binti yake wa kwanza. Ana miaka arobaini na sita, ni mjane, na cheo chake kwenye karatasi ni mtunza mavazi. Mshahara wake ni shilingi mia nne na ishirini kwa mwezi. Kwa fedha hizo anatunza ngozi, manyoya ya mbuni, njuga, shanga, na jozi sitini za ibirandi, vile viatu vizito vya mbao ambavyo wachezaji wa Kikurya huvivaa na kuitikisa ardhi.

Leo, hata hivyo, hatunzi mavazi tu. Leo anapimwa.

Meneja wa shirika, Bwana Simioni, anastaafu mwishoni mwa mwezi huu wa Julai 1978, na bodi inagawa kazi yake mara mbili. Atakuja meneja mpya wa kukaa ofisini Nkende, mjini Tarime. Huku barabarani atahitajika msimamizi wa msafara, mtu wa kuongoza bendi, ngoma, maigizo, sinema na sarakasi kutoka kijiji hadi kijiji. Wafanyakazi waliulizwa wampendekeze mtu. Wakamtaja Wegesa, wote kwa kauli moja, hata wale wapiga gitaa ambao kwa kawaida hawakubaliani kama leo ni Jumanne.

Bodi ikashtuka. Ikauliza maswali mawili. La kwanza lilikuwa kusoma na kuandika, na hilo Wegesa alilijibu kwa kuweka mezani cheti chake cha elimu ya watu wazima. La pili lilikuwa gumu: kiongozi wa ngoma katika shirika hilo ni Ryoba, na Ryoba amemwoa Nyangi. Mama mkwe atamwamrishaje mkwe wake?

Asiyetoka Tarime huenda akaliona swali hilo la mzaha. Kwa Wakurya kati ya mtu na mama mkwe wake kuna ensoni, heshima iliyochanganyika na haya, na haichezewi. Hawapeani mkono. Hawakai benchi moja, hawali sufuria moja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja anaiacha njia. Sasa mama huyo asimame mbele ya umati amwambie mkwe, wewe, fanya hivi, wewe, acha vile? Aibu hiyo mtu haifui ikatakata.

Kwa hiyo bodi imemtuma mjumbe wake, Bwana Stanslaus, aje Robanda na daftari na saa ya mkononi. Onyesho linaanza saa tisa alasiri. Jukwaa likichelewa, au kazi ya ngoma ikikwama kwa sababu msimamizi hawezi kusema na mkuu wa ngoma, basi barua itaandikwa kukataa, na Mama Nyangi atarudi kwenye masanduku yake mpaka atakapozeeka.

Bwana Stanslaus amekaa kwenye kiti cha kukunja chini ya kivuli cha lori namba moja. Ni mtu mpole, ana miwani, na hapendi vumbi. Kila baada ya dakika kumi anaitazama saa yake.

"Anatoa amri saa ngapi?" anamwuliza Bwana Simioni.

Meneja anacheka kidogo. Filimbi ya chuma inaning'inia shingoni mwake, na haijapulizwa kwa miaka minne.

Filimbi hiyo ina historia yake, nayo ndiyo historia ya Mama Nyangi.

Wegesa alizaliwa upande wa Nyamwaga, akaolewa, akazaa watoto wanne, akafiwa na mume mwaka 1969. Mwaka uliofuata alisikia kwamba pale Nkende, katika ghala la zamani la pamba, kumeanzishwa shirika la burudani na wanatafuta mtu wa kufua. Alikwenda miguu mitupu. Alipewa pipa la maji, sabuni ya mche na rundo la nguo zilizonuka jasho la wacheza sarakasi. Hakujua sarakasi ni nini. Alipowaona mara ya kwanza wakipandana mabegani hadi mtu wa nne, aliacha kufua akapiga magoti akawaombea.

"Nilidhani wamechanganyikiwa," anasimulia huku akizitenganisha njuga kubwa na ndogo. "Halafu nikaona wanashuka mmoja mmoja, wa juu anamngoja wa chini atulie. Nikasema hawa wana akili kuliko sisi huko nyumbani."

Baada ya miaka miwili akawa mtunza mavazi. Mwaka huo huo Ryoba, kijana mpiga ngoma mwenye mikono mikubwa kama majembe, akampenda Nyangi aliyekuja kumsalimia mama yake kazini. Ng'ombe wakapelekwa, ndoa ikafungwa, na hapo ndipo kazi ilipobadilika. Mpaka jana yake Ryoba na Wegesa walikuwa wakila makande sufuria moja na kutaniana mpaka machozi yanawatoka. Kesho yake wakawa mkwe na mama mkwe, na ua mzima wa ghala ukawa mdogo.

Walizoea. Yeye akipita huku, kijana anapita kule. Ujumbe wa kazi unapelekwa na mpishi, Mzee Waitara, ambaye ni mtu wa maneno mengi na huongeza chumvi hata mahali ambapo hapapikwi.

Kisha, mwanzoni mwa mwaka 1974, akaja Bwana Simioni.

Wote wanakubali kwamba alikuta nyumba inavuja. Mishahara ilikuwa inachelewa, malori yalikuwa yanaharibika porini, wanabendi walikuwa wakilewa kabla ya onyesho badala ya baada. Bwana Simioni alikuwa amefanya kazi kwenye reli miaka ishirini, na treni haimngoji mlevi. Alikuja na filimbi. Mlio mmoja, watu wakusanyike. Miwili, wapakie. Mitatu, waondoke. Akaleta na orodha ya zamu iliyopigwa taipu, kila mtu na namba yake, kila namba na lori lake. Asiyekuwa mahali pa namba yake aliandikwa mtoro.

Kwa miezi sita shirika lilikwenda kama saa. Watu walimwogopa na kumheshimu, na mambo hayo mawili hayakuwa rahisi kuyatenganisha.

Siku moja orodha mpya ikabandikwa ukutani. Namba 41, Wegesa Marwa, na namba 42, Ryoba, waliwekwa lori namba mbili, kiti cha mbele, bega kwa bega, kutoka Tarime hadi Robanda.

Kila mtu aliisoma. Mzee Waitara aliisoma mara mbili. Hakuna aliyekwenda kumwambia meneja. Wakubwa waliogopa filimbi. Vijana waliona haya kulitaja jambo la ensoni mbele za watu. Wenye jambo lenyewe ndio waliofungwa mdomo zaidi ya wote, kwa kuwa kulisema ni kulivunja. Palikuwa na watu zaidi ya mia waliojua, na mmoja tu asiyejua, na huyo mmoja ndiye aliyekuwa na uwezo wa kulirekebisha.

Ilipopulizwa filimbi ya tatu, Ryoba alipanda nyuma juu ya magunia. Meneja akamwandika. Walipolala Natta, kituo cha mwisho kabla ya Robanda, akamwita na kumwambia kwamba kesho asipokaa kwenye kiti cha namba yake, safari yake katika shirika imekwisha. Ryoba alisimama ametazama chini, akasema ndiyo mzee, akaenda kufunga virago vyake. Alikuwa na mtoto mchanga nyumbani. Mtoto huyo ni mjukuu wa Wegesa.

Asubuhi namba 42 alikuwepo kitini. Namba 41 hakuwepo.

Wegesa alikuwa ameondoka kabla jua halijachomoza, kwa miguu, kushika njia ya Robanda. Aliwaza hivi: kiti kikibaki na mtu mmoja hakuna ensoni inayovunjika, na kijana hatafukuzwa. Wa kufukuzwa atakuwa yeye, na yeye amekwisha kula chumvi ya kutosha. Alijifunga kanga mbili, akabeba chupa ya uji na kibuyu cha maji, akatembea.

Anayeijua njia ya Natta kwenda Robanda hahitaji kuelezwa. Ni mwendo wa kutwa, nyasi zinafika kifuani, na wenye njia yao wana pembe. Wegesa anasema nyati aliwaona mara mbili. Mara ya kwanza alisimama. Mara ya pili walisimama wao.

"Niliwaamkia," anasema, uso mkavu kabisa. "Shikamooni. Ukubwa ni ukubwa."

Kuna jambo moja alilolisahau, ama anasema alilisahau. Funguo za masanduku yote ya mavazi zilikuwa kiunoni mwake. Malori yalimpita alipokuwa amechepuka kwenye njia ya wafugaji, na hakuna aliyemwona. Robanda watu walikuwa wamekaa uwanjani tangu adhuhuri, wengine wakitoka vijiji vya mbali, wameacha mashamba yao bila wa kufukuza nyani. Saa tisa ikapita. Saa kumi ikapita. Wachezaji walikaa na nguo za safari, na meneja alipuliza filimbi mpaka midomo ikamvimba.

Saa kumi na nusu mwanamke akatokea kwenye nyasi, mguu mmoja unavuja damu, funguo zinalia kiunoni. Alimsalimia meneja, akapiga magoti kwenye sanduku la kwanza, akafungua.

Bwana Simioni aliuliza kwa nini. Hakujibiwa. Akauliza tena, safari hii akiwageukia wote, kwa nini hakuna aliyemwambia, na wana midomo.

Mzee Waitara alikuwa ameshika mwiko. Ndiye aliyesema yale maneno ambayo shirika zima linayajua kwa moyo mpaka leo.

"Meneja, hukuuliza. Ulipuliza filimbi."

Mtu mwingine angemfukuza mpishi. Zilikuwa siku za Mwongozo, waraka wa chama uliowakataza viongozi ubabe, wafanyakazi sehemu nyingi walikuwa wakiwafungia mameneja nje ya milango ya viwanda, na meneja mwoga huwa mkali zaidi. Bwana Simioni hakumfukuza. Aliketi juu ya sanduku lililokuwa limefunguliwa nusu, akavua kofia, akaomba aelezwe jambo la ensoni tangu mwanzo, taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Aliona haya, na mpaka leo hafichi kwamba aliona haya. "Nilikuwa nimewapa watu namba," anasema, "na namba haina mkwe."

Kesho yake hapakupulizwa filimbi. Meneja aliwaita watu wakae juu ya masanduku ya mavazi kwa duara, akaweka utaratibu ambao haujavunjwa tangu siku hiyo. Unaitwa kikao cha masanduku. Kila asubuhi na kila baada ya onyesho, anaanza kusema anayebeba mizigo. Anafuata mfua nguo, mpishi, utingo, dereva, fundi. Wasanii wenye majina yao makubwa wanasubiri. Meneja anasema wa mwisho, na mara nyingi anakuta hakuna kilichobaki cha kusema. Mkubwa ni jalala, wahenga walinena, na Bwana Simioni alikubali kutupiwa kila kitu kila asubuhi.

Na katika vikao hivyo ndipo watu walipogundua kwamba Wegesa anaona. Anaona upepo utakakotokea. Anaona nani ana homa na anaficha. Ulipofungwa mpaka wa Sirari mwaka jana na nyuzi za gitaa zikaacha kuja, yeye ndiye aliyesema wazee wa litungu, kile kinubi cha Kikurya, huko nyumbani hawajawahi kungoja lori kutoka Kenya, wanatumia mishipa ya ng'ombe. Wanabendi walicheka, kisha wakajaribu, na muziki ukaendelea. Kidogo kidogo wapakiaji wakawa wanamtazama yeye kabla ya kushusha pipa la kwanza. Hakuna siku alipotangazwa kuwa kiongozi. Ni kigingi chake tu kilichoendelea kuwekwa mahali sahihi.

Haya yote Bwana Stanslaus ameyasikia, na ameyaandika, ila daftari lake lina neno moja alilolipigia mstari chini. Mkwe.

Saa saba mchana. Jukwaa limesimama, mbao zimepigiliwa, na limebaki turubai. Hili ni turubai kubwa la kijani linalofungwa juu ya nguzo mbili za mkaratusi, na wanaolivuta ni wapiga ngoma kwa sababu ndio wenye mikono. Ryoba na wenzake wanne wako upande wa nyuma, kamba ya mkonge imezungushwa kiganjani. Wegesa yuko juu ya jukwaa akipanga ibirandi kwa safu. Kwenye ukingo wa mbele wa jukwaa, upande wa watazamaji, kuna ngoma kubwa, imelazwa ubavu.

Bwana Stanslaus anasimama ili aone vizuri. Kwa siku nzima hajawasikia hao wawili wakibadilishana neno. Wegesa anapotaka jambo la ngoma anamwambia Mzee Waitara, na Mzee Waitara analipeleka. Anaandika: Je, mpishi asipokuwepo?

Mzee Waitara hayupo. Amekwenda kisimani kusimamia maji.

Upepo wa Julai kutoka mbugani hauna hodi. Unalichukua turubai kwa chini, unalifumua juu, na nguzo ya nyuma inaanza kung'oka kwenye shimo lake. Ryoba haioni. Turubai limemfunika macho na anachokijua ni kwamba kamba inamponyoka, kwa hiyo anavuta, na wenzake wanavuta, na kila wanavyovuta ndivyo nguzo inavyowainamia vichwani. Ni mti wa futi ishirini.

Wegesa anaona. Ni yeye peke yake aliye mahali pa kuona.

Anafungua mdomo, na mdomo unabaki wazi. Baadaye ametuambia kwamba katika kitambo hicho alimwona mjukuu wake, aliiona na njia ya Natta, akasema moyoni, safari hii hakuna pa kutembea kwa miguu. Basi akageuka, akampa mgongo mkwe wake, akaikabili ile ngoma kubwa iliyolala mbele yake, na sauti aliyoitoa ilifika mpaka kwenye nyumba za mwisho za kijiji.

"Wewe ngoma! Achia kamba! Achia, ulale chini!"

Kamba ikaachiwa mara moja. Turubai likashuka na kuwafunika wanaume watano waliokwisha kujitupa kifudifudi, na ile nguzo, ikiwa haivutwi tena na mtu, ikayumba upande wa pili na kuanguka kwenye nyasi tupu kwa mshindo uliotikisa mapipa.

Watazamaji waliofika mapema wamesimama mikono kichwani. Wegesa bado ameipa uso ngoma, hathubutu kugeuka.

Kisha chini ya turubai ikasikika sauti ya Ryoba, nzito, yenye vumbi.

"Ngoma imesikia. Ngoma imelala. Ngoma wote wazima."

Uwanja ukalipuka kwa kicheko na vigelegele, na wengine tulijikuta tunafuta macho bila kujua kama tunacheka au vipi. Mzee Waitara akarudi mbio na ndoo, akaelezwa na watu kumi kwa pamoja. Wegesa alishuka jukwaani uso umempauka. Alimwuliza mzee kwa sauti ya chini kama amevunja ensoni mbele ya umati wote huu.

Mzee Waitara aliweka ndoo chini akafikiri, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akatumia maneno machache.

"Umesema na ngoma, mwanangu. Ngoma haina mama mkwe."

Onyesho lilianza saa tisa kamili, bila turubai, chini ya jua. Ryoba alipiga ile ngoma kubwa kama anayelipa fadhila. Ibirandi zilipoigonga ardhi ya Robanda, vumbi lilipanda mpaka kwenye miwani ya Bwana Stanslaus, naye hakuifuta.

Jua likiwa bado juu, watu wakaketi kwenye kikao cha masanduku. Bwana Stanslaus, akiwa mgeni na mjumbe wa bodi, alisimama ili aseme maneno mawili matatu. Mpakiaji mmoja, kwa adabu zote, akamwomba aketi, zamu yake haijafika. Mjumbe akageuka kumtazama meneja. Meneja alikuwa anatazama mawingu. Akaketi. Alingoja watu wengi waseme mambo ya pipa linalovuja, shimo la nguzo lililochimbwa fupi, chumvi iliyozidi kwenye maharage. Aliyechimba shimo alisema mwenyewe kwamba ni yeye, na kwamba kesho atachimba futi nne. Hakuna aliyemzomea. Mjumbe aliandika na hilo.

Zamu yake ilipofika aliuliza swali moja tu.

"Mama Nyangi, leo ngoma ilikuwepo. Siku ngoma isipokuwepo, utamwamrishaje?"

Wegesa alimtazama vizuri, kwa heshima, kama mtu anayejiuliza kama mgeni amechoka.

"Ndugu mjumbe, sisi ni shirika la ngoma. Siku ngoma isipokuwepo, bodi mtakuwa mmekwisha kutufunga."

Walicheka mpaka masanduku yakalia. Lakini hakuwa amemaliza. Alisema, taratibu, kwamba kwa miaka sita hajawahi kumwamrisha Ryoba na kazi ya ngoma haijalala hata siku moja, kwa sababu anayejua kazi yake akiachiwa nafasi ya kuifanya hahitaji kuamrishwa. Heshima si utumwa. Kazi ya msimamizi, kwa anavyoiona yeye, ni kuweka kigingi mahali pake, kisha kutoka njiani.

Upande wa pili wa duara, mgongo ukiwa umeelekezwa kwa mama mkwe wake, Ryoba aliitikia kwa kichwa.

Bwana Stanslaus aliandika barua yake pale pale juu ya sanduku la njuga, akaisoma kwa sauti kwa kuwa katika kikao hicho hakuna barua ya siri. Ilikuwa fupi: "Bodi iliuliza kama mama huyu anaweza kuamrisha. Kwa siku nzima nimemsikia akiamrisha mara moja tu, na aliamrisha ngoma. Watu watano wako hai, na onyesho lilianza kwa wakati. Napendekeza apewe msafara."

Bwana Simioni akavua filimbi shingoni akampa. Wegesa aliipokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akaifunga kwenye kitambaa, akaiweka ndani kabisa ya sanduku la manyoya ya mbuni, akalifunga kwa ufunguo. Alisema ni kitu cha thamani na hapendi kipate kutu.

Asubuhi iliyofuata orodha ya safari ya kurudi Natta ilibandikwa mlangoni mwa lori. Haikupigwa taipu. Iliandikwa kwa penseli, herufi kubwa zilizopinda kidogo, na hakuna mtu aliyepewa namba, majina tu. Wegesa, lori la kwanza. Ryoba, lori la nne.

Tuliondoka naye kwa njia ile ile aliyoitembea. Tulimwuliza ana tumaini gani sasa, amepata cheo, mshahara utapanda. Alisema mshahara ni mzuri, atamnunulia mjukuu viatu. Ila tumaini lake ni jingine. Anataka siku moja aipite njia hii, kutoka Robanda mpaka Natta, akiwa amelala usingizi hapa kitini.

"Kulala?"

"Kulala. Msimamizi akilala njiani na hakuna kinachoharibika, ujue watu wake wanasema wanachokiona. Nikifika Natta bila kuamka, mje mwandike tena, andikeni shirika limepata uongozi."

Dereva anapunguza mwendo kwenye korongo. Wegesa anatoa kichwa dirishani, anatazama nyuma kwenye vumbi, midomo ikihesabu. Lori la pili limepita. La tatu limepita. Anangoja, mkono mmoja umeshika mlango, mpaka la nne linapopanda ukingo, wapiga ngoma wakiwa juu ya magunia, wote watano.

Hapo anaegemea kiti na kufumba macho. Baada ya dakika mbili anayafumbua, anatazama nyuma tena.